Mkate Uliovaa Kofia Kwanza

Simu yangu ilianza kuvimba mwezi ule ule mama yangu alipoanza kukataa chakula. Hapo sijatia chumvi. Chumvi nitaitia mbele, anayenijua anajua. Betri ilijaa hewa ikaunyanyua mgongo wa simu kama andazi lililokolea mafuta, na ndani ya simu hiyo ilikuwamo mikate yangu yote. Mikate ya dunia nzima, kwa kukisia kwangu, labda vimebaki vijiji viwili ambavyo havijapata mtandao.

Mimi na mume wangu, fundi wa injini za boti, tunakaa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be. Mama yuko Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, katika nyumba niliyozaliwa. Nilimpigia nikamuuliza amekula nini.

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na chai nyingine."

"Mama, utakufa na njaa."

"Sina njaa. Nataka mkate wa dada," akasema. "Nile mara moja tu, halafu mnilazimishe huo uji wenu mtakavyo."

Kwetu tunasema Kimalagasi na Kingazija, kwa hiyo maneno ya mama hapa nimeyavalisha nguo ya Kiswahili, ambacho nilikipata kwanza kwenye redio ya baba na baadaye kwa wapishi wa Mombasa na Unguja walio mtandaoni. Lakini hilo la mkate wa dada halihitaji mkalimani.

Dada yake mama, mama mkubwa wangu, alikuwa na ua uliopakana na wetu. Kila Ijumaa alipika mkate: unga wa ngano, tui zito, iliki, ufuta juu, ndani ya sufuria nzito ya chuma yenye kifuniko. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukiacha dirisha wazi ungeweza kuondoka wenyewe. Watu waliokwenda kuswali msikiti wa mbali walirudi kwa kuzunguka ili wapite uani kwake, na wengine, nasikia, walizunguka hata siku za Jumatano, kwa mazoea. Mama hakuruhusiwa kulikaribia jiko lile. "Mkono wako mzito," dada yake alimwambia. "Ukisogea tu, unga unaona haya unakaa chini." Mama alicheka, maana aliamini Ijumaa haziishi.

Ziliisha. Ilipokaribia mwisho wa miaka ya sabini, baada ya ghasia dhidi ya Wangazija kuupiga mji, watu wetu wengi wenye asili ya Ngazija waliondoka kwa meli na kwa ndege. Mama mkubwa aliondoka nao, ameikumbatia sufuria yake ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Sisi tulibaki kwa sababu baba alikuwa mtu wa Boanamary, kijiji cha karibu, na makaburi yao yote yako pale. Salamu zilikuja moja moja. Baada ya miaka mingi ikaja ya mwisho, kwamba amefariki.

Mama alijaribu kuupika. Alijaribu tangu mimi sina meno ya mbele mpaka yeye hana. Vitu vyote alivijua, na vipimo alikuwa navyo mkononi, lakini mkate uliinuka pembeni ukazama katikati, kila mara, kama mtu aliyeitwa jina lake akakumbuka kuwa ana deni. Kaka yangu alisema mikate iliyobaki ingetosha kujengea banda la kuku. Mama akamtupia mmoja, naye hata leo akivuliwa shati huonyesha alama.

Mimi nilikua, nikaolewa Nosy Be, nikaingia shule ya usiku nikiwa na watoto wawili. Nilikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho yangu, na wavivu wote wakakaa nyuma yangu kwa sababu ya upana wangu. Nilihitimu. Cheti kimetundikwa juu ya friji, na friji tangu siku hiyo inagandisha kwa adabu. Shule ile ndiyo iliyonipa uwezo wa kusoma Kifaransa bila kusogeza midomo, na ndiyo iliyonipeleka kwenye duka la kompyuta pale mjini, nikaketi mbele ya mtandao kwa mara ya kwanza na kuandika neno moja: mkate.

Nikabaki nimeishika meza kwa mikono miwili.

Niliona wanawake wa nchi ya baridi wanachimba shimo kwenye ardhi inayotoa mvuke, wanazika unga ndani ya chungu, wanakwenda zao kulala, kesho wanafukua mkate mweusi na mtamu. Ardhi ndiyo jiko. Niliona mkate mwembamba kama pazia unatupwa juu ya chuma kilichobinuka. Niliona chachu iliyo na umri mkubwa kuliko bibi yangu, inarithiwa kama dhahabu, inalishwa kila siku, na wenyewe wakisafiri wanatafuta mtu wa kukaa nayo. Niliona mtu wa Unguja anaingiza mkono mzima kwenye tanuri la udongo na kubandika mkate wa mofa ukutani, mkono unatoka salama, unarudi tena. Nilifikiri Mungu kaumba ngano moja na maji yale yale, kisha akakaa kuwatazama viumbe wake aone watafanya nini.

Na kilichonishinda kabisa ni kwamba walikuwa wanagawa. Mama mkubwa hakumpa mdogo wake wa tumbo moja. Huyu bibi wa barafuni ananipa mimi, hajui nina uso gani, tena ananyoosha kidole: hapa, mwanangu, usikoroge sana hapa.

Nilipopata simu yangu mwenyewe nikaanza kukusanya. Bando lilikuwa rahisi alfajiri, basi alfajiri napakua kama mtu anayekinga mvua. Unatoa kila chombo nje, huangalii kila tone linaloingia. Video nilizihifadhi bila kuzifungua, picha za skrini juu ya picha za skrini, nikijiambia kwamba siku moja nitakaa nizitazame na ule wa mama mkubwa utakuwamo.

"Mikate yote hii," mume wangu alikuwa akisema, "na hapa ndani tunakula wali."

"Wali haujapotea," namjibu. "Hautafutwi."

Sasa simu imevimba, na mama anakunywa chai kwa chai. Fundi wa simu wa sokoni aliigeuza kwa ncha za vidole kama anayeshika kaa.

"Mama," akaniambia, "hii usiichaji ndani ya nyumba. Hamisha unachokitaka, kisha tuisomee dua."

Mahali pa kuhamishia palikuwa simu ya zamani ya mume wangu, ambayo ndani yake ni ndogo kama mfuko wa shati. Haiwezi kumeza hata robo ya mikate yangu. Lazima nichague, na nikikosea kuchagua, naweza kuutupa mkate wa mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaanza kama mhitimu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kila kitu duniani kinapangika kwa alfabeti, na mimi sikuwahi kumtilia shaka mpaka siku hiyo. Ya Kiswahili yote ilianza na mkate. Ya Kimalagasi yote ilianza na mofo, ambao pia ni mkate. Kwa hiyo nikapata folda moja ya M, kubwa kama mkoa, ndani yake kila kitu, na jirani yake folda ya P ya Wafaransa na *pain* zao. Kutoka A hadi L palikuwa jangwa.

"Umemaliza kupanga?" mume wangu akauliza.

"Nimemaliza M."

"Zimebaki herufi gani?"

"Hakuna."

Hakucheka. Alikwenda kuchekea kwenye boti, nikamsikia mpaka barabarani.

Nikajaribu kwa nchi, lakini mtu wa Moroni anayepikia Marsei, kwa Wafaransa, utamweka wapi? Nikajaribu kwa unga, karibu yote ikawa ngano. Nikampigia mama, ili nisikie tu kama amekula, nikaanza kumsimulia mkate wa ardhi inayotoa mvuke na ule wa ukutani. Akanikatiza.

"Moto wake uko wapi?"

"Chini, mama. Chini kabisa, ndani ya ardhi."

"Na ule wa ukutani?"

"Umeuzunguka."

"Hm," akasema mama. Ndivyo alivyouliza maisha yake yote. Mwambie mama kuhusu mkate wowote, hataki jina, hataki nchi. Anataka kujua moto uko wapi, kwa sababu kwetu hakuna tanuri, kuna jiko la makaa tunaloliita fatapera, na moto ni kitu unachokibeba kwa koleo na kukiweka unapotaka.

Nilikata simu nikazivunja folda zote, nikatengeneza mpya: Moto wa Chini. Moto wa Kuzunguka. Moto wa Chini Kisha wa Juu. Moto wa Ardhi. Lakini moto hausomeki kwenye kichwa cha video. Ilinibidi nifungue kila moja nitazame. Mvua za Nosy Be zikanisaidia, zile zinazonyesha mpaka samaki wanatafuta pa kujikinga. Nilikaa kibarazani, simu iko kwenye sinia la bati isije ikaniunguza, natazama mkate mmoja baada ya mwingine, nauhamisha au nauaga. Niliaga mikate mizuri, jamani. Wengine niliwaomba radhi.

Ndipo nikafungua mmoja ambao kichwa chake ni cha Kifaransa, "Mkate wa bibi yangu", niliokuwa nimeutupa kwenye P bila hata kuutazama. Jikoni ni ghorofani mahali fulani pa baridi, nguo zimeanikwa kwenye hita. Msichana kajifunga kitambaa cha maua kichwani. Unga, tui, iliki, ufuta. Sufuria nzito. Akaiingiza kwenye oveni na kuwasha moto wa juu peke yake. Nikasema, huyu kakosea. Nikatafuta folda ya kumweka, sikuiona. Msichana akatazama kamera akacheka, akasema kwa Kifaransa kwamba bibi yake alikuwa hatumii oveni, alikuwa akipanga makaa juu ya kifuniko, na jiko la chini bado tupu. "Alikuwa anasema, kofia kwanza, viatu baadaye."

Sinia likaniponyoka magotini.

Niliuona ua. Sikuufikiria, niliuona. Jiko halina cheche hata moja, sufuria imekaa juu yake, na makaa yote mekundu yako juu ya kifuniko, na mama mkubwa mikono kiunoni ananicheka mimi mtoto: mkate wangu unavaa kofia kwanza, viatu baadaye. Maneno hayo nilikuwa nayo miaka yote. Nilidhani anamtania baba, ambaye hakutoka nje bila kofia hata nyumba ikiungua.

Uso wa mkate unashikwa na moto kwanza, unakuwa paa. Kisha ndipo unawasha chini, na unga ukiinuka unalikuta paa linaushikilia. Mama aliuwasha chini kwanza, kama watu wote wenye akili.

Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa kwenye mvua.

"Unalia?"

"Ni moshi."

"Moshi wa simu?"

"Betri hii mbaya sana," nikasema.

Nilitengeneza folda nyingine, Moto wa Juu Kwanza. Humo mna mkate mmoja tu. Niliuhamishia kwenye simu ya mume wangu, kwenye kadi ya memori niliyoifunga kwenye ncha ya leso, na kule wanakokuita kwenye wingu, sijui liko juu ya nchi gani, lakini siku hizi nikiona wingu kubwa nalitazama kwa heshima. Ile simu iliyovimba nikampelekea fundi. Kisha nikavuka bahari, nikashika njia ya Mahajanga.

Mama alikuwa amepungua akawa mdogo. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, kanga imemzidi. Hakuniuliza habari za safari. Alinitazama nikikanda, akatazama sufuria, akatazama nikiyapanga makaa juu ya kifuniko.

"Umesahau chini."

"Sijasahau."

"Umesahau, we mtoto. Mhitimu mzima."

"Subiri, mama."

Akanyamaza, lakini kwa ile namna ya kunyamaza inayosikika hadi ufukweni Antsanitia, nje ya mji. Harufu ya ufuta ikatoka. Nikachota makaa mengine nikayatia chini. Nikaona mama ameacha kunitazama mimi. Anatazama ile sufuria, makaa juu, makaa chini, na midomo yake inatembea.

Nilipofunua, mkate ulikuwa umejaa mpaka kwenye kifuniko, na katikati palikuwa juu kuliko pembeni. Nimeona mkate ukifukuliwa ardhini, lakini mbele ya huu mimi na mama tulikaa kama watu waliofunguliwa mlango wa nyumba wasiyoijua. Nikamkatia. Akachovya kwenye chai, akatafuna kwa fizi, muda mrefu. Akachovya tena.

"Nani kakufundisha?"

Nikamwonyesha msichana kwenye simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Alitazama ile mikono inavyokanda, mpaka mwisho, akataka irudiwe.

"Bibi yake huyu alikuwa wa wapi?"

"Hajasema. Naweza kumuuliza, mama. Naandika hapa chini, anajibu. Huenda bibi yake ni dada yako. Huenda huyu ni mjukuu wetu."

Nilikuwa tayari nimeanza kuandika. Mama akaweka kiganja chake chenye ufuta juu ya kioo cha simu.

"Usimuulize," akasema. "Akijibu kwamba siye, nitakula nini?"

Akasukuma sahani yake mbele, nimkatie kipande kingine.