Pascaline na Ndege ya Kitambaa

Ng'ombe watatu wa Daktari Katungye walivunja ua pale Kakiika, nje ya mji wa Mbarara, wakaingia bandani na kujikuna kwenye ndege yake. Anayezijua pembe za ng'ombe wa Ankole hahitaji maelezo zaidi. Ilikuwa ndege kuukuu ya watu wawili, mifupa ya chuma na mbao, ngozi ya kitambaa kilichopakwa rangi. Asubuhi bawa la kushoto lilikuwa limechanika vipande vipande.

Ndiyo maana mwaka 2007 daktari huyo wa mifugo aliendesha gari hadi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, akauliza sokoni ni nani fundi cherehani asiye na haraka. Wote walimwonyesha Pascaline.

Pascaline alikuwa na miaka ishirini na saba. Vita vya 1996 vilimkuta Bukavu, akakimbia na mama yake, na baada ya miezi mingi ya njiani wakapewa kiwanja Nakivale. Ushonaji alifundishwa na mama huyo. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na hakuogopa kumwambia mteja kwamba nguo haikubana, ila yeye ndiye aliyenenepa.

"Nnyabo, mama, unaweza shona ndege?" daktari aliuliza.

Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao waliangua kicheko. Pascaline hakucheka.

"Uilete nione."

"Ndege haiwezi kuja kwa soko. Wewe utakuja."

"Basi nitakuja. Bale banacheka babaki hapa."

Kazi ilichukua miezi mitano. Fundi wa ndege aliyetoka Kampala alimwelekeza: kitambaa chake ni maalumu, kinagundishwa, kinakazwa kwa joto la pasi, kisha kila ubavu wa bawa unashonwa kwa sindano ndefu na uzi wenye nta, fundo baada ya fundo. Pasi ya mkaa aliyokuja nayo Pascaline ilikataliwa, kwa sababu joto lilipaswa kupimwa. Alikubali. Lakini fundi aliposema mshono wa ubavu wa sita unatosha, ingawa ulipinda kidogo, Pascaline aliufumua wote.

"Mutu atakaa na hii kule yulu," alisema, akionyesha angani. "Haitoshi."

Fundi alipokwisha kukagua na kutia sahihi, daktari alimwuliza anataka alipwe nini.

"Minataka kujifunza kuiendesha."

Daktari alicheka, kisha akamtazama usoni akaacha. "Lakini wewe ni mkimbizi."

"Niko fundi. Mushono ni yangu. Minataka kuiona inashika."

Katungye hakuwa na ruhusa ya kufundisha, lakini kumpandisha aliweza. Walipaa kutoka uwanja wa ndege wa Nyakisharara, si mbali na banda, wakapita juu ya mji hadi Ruti, barabara ya Kabale ikiwa nyembamba chini yao. Pascaline hakuiangalia barabara. Alilikodolea macho bawa la kushoto safari nzima, na kitambaa hakikutikisika. Waliposhuka, aliupapasa mshono wa ubavu wa sita kwa kidole.

Daktari alimpeleka Kajjansi, karibu na Kampala, kwenye klabu ya marubani. Katibu wa klabu alimtazama kuanzia kitenge hadi kandambili.

"Mama, hapa tunafundisha urubani. Misaada wanagawa kwingine."

Pascaline alimpita, akafungua mlango wa ndege iliyokuwa karibu, akaingiza kidole kwenye godoro la kiti lililopasuka.

"Viti byenu byote biko hivi?"

Vyote vilikuwa hivyo. Wakakubaliana: yeye angeshona viti na maturubai ya kufunikia ndege, na kwa kazi hiyo angepata saa za kuruka na mwalimu. Kwa zaidi ya miaka minne alikwenda na kurudi, wiki mbili Kajjansi, mwezi mmoja Nakivale, mama yake akishika cherehani. Majirani walisema amerogwa. Kanisani mtu mmoja aliomba kwa sauti ili Mungu amwondolee kiburi dada yetu. Pascaline alisema amina kwa sauti zaidi.

Kilichomtesa ni Kiingereza cha kuongea na mnara kwa redio. Kifaransa alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho, lakini sauti ile ya kukwaruza masikioni ilimpita. Alifeli mtihani wa redio mara mbili. Mara ya pili mwalimu wake alimshauri kwa upole apumzike mwaka mmoja. Pascaline alikwenda moja kwa moja kujiandikisha kwa mara ya tatu, akafaulu.

Siku aliyoruka peke yake, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, aliimba wimbo wa kwaya kwa nguvu zote mpaka akakumbuka kwamba lazima ajibu redio. Leseni aliipata mwaka 2012.

Wakati huo macho ya Katungye yalikuwa yamefifia, na daktari wa marubani alimkataza kuruka. Katungye alimwambia Pascaline kwamba akiivisha ndege kitambaa kipya, bawa la pili na mwili mzima, itakuwa yake. Aliivisha. Mwana mkubwa wa Katungye alikuja bandani siku ya kutia sahihi hati za kuikabidhi.

"Ndege ya baba haiwezi kwenda kwa mkimbizi."

"Wakati ng'ombe wanaiharibu, wewe ulikuwa wapi?" mzee aliuliza, akatia sahihi.

Kwenye ofisi ya usajili wa ndege, afisa aliyepokea fomu ya kuiandikisha kwa jina la Pascaline alidai barua. Ilipoletwa, alidai nyingine, kisha akasema mkimbizi hana makazi ya kudumu.

"Nimeishi Nakivale miaka kumi na tano," Pascaline alimwambia. "Wewe umekaa nyumba moja miaka mingapi?"

Afisa alimrudishia fomu. Pascaline aliketi kwenye benchi la korido, akatoa mashati ya wateja akaanza kushona vifungo. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, wiki tatu, akiwaeleza wote waliouliza, wakubwa kwa wadogo, ni nini anachosubiri. Jina lake liliandikwa Ijumaa ya wiki ya tatu.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mama yake, ambaye alipaa akiwa ameshika Biblia kwa mikono miwili, na walipofika juu ya ziwa Nakivale aliiweka mapajani ili aonyeshe kwa kidole paa la nyumba yao.

Mwaka 2015 mgeni wa shirika moja alimtembelea sokoni. Alitaka kuandika habari zake. Aliuliza kama ndege hiyo hubeba dawa, au wagonjwa, au angalau inawasaidiaje wakimbizi wenzake.

"Haibebi kitu," Pascaline alisema, akiendelea kukanyaga cherehani. "Minaruka Jumamosi kwa sababu minapenda."

"Lakini jamii inafaidika vipi?"

Pascaline alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Wewe unapenda nini siku ya mapumziko?"

"Kuogelea," mgeni alijibu.

"Unaogelea kwa faida ya nani?"

Mgeni alifunga daftari lake. Pascaline akamwambia kwamba shati alilovaa limeachia mshono kwapani, na akitaka, alivue tu, litakuwa tayari baada ya dakika kumi.