Achari ya Pumba za Kinuyo

Fusae hakupiga simu. Aliandika barua, na barua yenyewe ilikuwa kama maagizo ya daktari. Ndege itashuka Narita saa nane mchana. Ya pili itaondoka kesho yake saa tano asubuhi. Hapo katikati hataki kupelekwa hekaluni wala dukani. Jioni: wali, samaki wa kuanika aliyebanikwa, supu ya miso, achari ya mama. Asubuhi: wali wa kumwagia chai, na achari ya mama. "Msininunulie sushi," alimalizia. "Huku Brazili zipo, mpaka za embe."

Kulikuwa na njia fupi ya kwenda Manila kumwona mjukuu mchanga. Fusae aliikataa. Miaka sabini na mbili, miguu imevimba, akachagua ndege ya kuzunguka dunia ili alale usiku mmoja kwa kaka yake na ale achari. Hakuwa na sababu nyingine.

Kinuyo, mke wa huyo kaka, aliisoma barua mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Hakumjibu.

Maana achari ya mama haikuwapo tena.

Ule mtungi wa pumba za mchele mama mkwe alikuja nao siku aliyoolewa. Pumba na chumvi, unafukia humo bilinganya au tango, kesho yake unalo la kulia wali. Lakini pumba hizo ni kama mtoto wa kunyonya. Kila siku utie mkono, uzigeuze kutoka chini hadi juu, kiangazi mara mbili, ama sivyo zinaoza. Mama mkwe alizigeuza mpaka vidole vikakataa, kisha akamkabidhi mkwewe. Kinuyo akazigeuza miaka arobaini na minne. Kipindi cha baridi mkono unapasuka, anatia. Ana homa, anatia. Na wageni wakila walisema nini? "Ah, achari ya mama hii!"

Mwaka jana, mwezi wa nane, alianguka akavunjika nyonga. Akalazwa wiki tano. Alimwambia mumewe jambo moja tu: geuza pumba. Tokuji akaitikia, akaenda nyumbani, akafunika mtungi vizuri na kuweka jiwe juu, panya wasiingie. Kinuyo aliporudi na mkongojo wake na kufunua, kulikuwa na ukungu mweusi mnene kama manyoya ya paka. Alizimwaga shambani peke yake, ndoo baada ya ndoo. Jirani akaja na bakuli la pumba zake ili zimsaidie kuanza upya. Kinuyo alimshukuru akamrudishia bakuli na pumba zake. Akaanza na pumba tupu.

"Twende tukamlishe samaki aina ya mkunga mjini," Tokuji alisema asubuhi ya siku ya ugeni. "Mkunga wa kubanikwa, na mchuzi wake mtamu. Akishiba huo atasahau mambo ya achari."

"Ameandika anachotaka."

"Basi mpe hiyo yako, na usiseme kitu. Atajuaje?"

"Baba, wewe ndiye usiyejua. Ungejua, ungezigeuza."

Tokuji akatoka nje kuzima gari ambalo hata hakuwa ameliwasha.

Fusae alifika amejikunja kama nguo iliyokaa sandukuni. Wakaangaliana na Kinuyo pale mlangoni, wazee wawili, kila mmoja akihesabu mikunjo ya mwenzake.

"Wifi, umezeeka."

"Na wewe hukuachwa nyuma. Vua viatu uingie."

Alioga, akavaa nguo nyepesi aliyotolewa, akakaa mezani jua likiwa bado juu. Ndege zilipita juu ya paa, chini kabisa, na kila moja ikipita mazungumzo yalisimama kwanza kisha yakaendelea. Fusae hakugusa samaki. Hakugusa supu. Alichukua kipande cha bilinganya kwa vijiti, akakiweka mdomoni, akafumba macho.

Kinuyo alisimama na kijiko cha wali mkononi. Nyonga ilimuuma, hakukaa.

"Ni yenyewe," Fusae akasema taratibu. "Kaka, ni yenyewe. Mkono wa mama huu."

Tokuji akashusha pumzi. Akamtazama mkewe kwa macho ya kumsihi. Mtu mwingine angenyamaza, mgeni ale, alale, aende zake kwa mjukuu. Ila neno lile lilimwingia Kinuyo kama mwiba. Mkono wa mama! Hizi pumba tangu punje ya kwanza hakuna aliyezigusa ila yeye.

"Si mkono wa mama. Wangu."

"Najua, wifi, umeitunza sana…"

"Sikuitunza. Ya mama ilioza mwaka jana nikiwa hospitali. Niliimwaga shambani. Hii nimeianzisha mimi mwezi wa kumi."

Fusae akaweka vijiti chini. "Umesubiri nimeze ndiyo uniambie?"

"Ningekuandikia, ungepita ile njia fupi."

"Kosa ni langu," Tokuji akaanza, "mimi ndiye niliyeambiwa…"

"Nyamaza, kaka. Wewe tangu utoto hujaosha hata kikombe. Nani angekuachia mtungi?"

Ndege ikapita. Wakangoja.

"Sikuja kumzika mama," Fusae akasema, akitazama meza. "Miaka kumi na tisa imepita. Nilikuwa najiambia, hakuna haraka, achari ipo. Nitakwenda siku nyingine."

Kinuyo alimpakulia wali, akamsogezea bakuli. Fusae akaokota vijiti, akachukua tango, akatafuna polepole, safari hii macho wazi.

"Yako ina chumvi."

"Ndivyo ninavyoipenda."

"Mama asingethubutu kuiweka mezani."

"Mama hakupikia watu waliotoka jasho safarini siku mbili. Kula."

Fusae akaguna, kicheko kilichokosa nguvu za kutoka. "Nisogezee hayo matango," akasema.

Aliyamaliza. Na samaki akammaliza, na supu. Kabla giza halijaingia alikuwa amelala palepale kwenye mkeka, kiganja chini ya shavu, anakoroma.

"Amekasirika?" Tokuji akanong'ona.

"Amechoka. Hata mimi nimechoka. Usinisemeshe."

Akaenda jikoni akijishika ukutani, akafunua mtungi, akapandisha mkono wa nguo. Akazigeuza pumba kutoka chini hadi juu, akafukia bilinganya mbili za asubuhi. Chumvi hakupunguza.