Mwinyi Tope Anapobisha Hodi

Jumamosi asubuhi, Kariakoo imeshachangamka. Katika duka la vifungo na zipu lenye upana wa mlango mmoja tu, Ummy Fikirini anampimia mteja lastiki huku midomo ikimchezacheza. Anajaribu sauti. Mteja anamwangalia kwa wasiwasi.

"Usiogope dada, sijapandwa na kitu," Ummy anamwambia akicheka. "Namtafutia mnyama wangu sauti."

Kazi ya mikono yake ni kuuza vifungo. Kazi ya kichwa chake, jamani, ndiyo inayowaacha watu mdomo wazi: anabuni viumbe wa ajabu kwa ajili ya mchezo wa mezani. Mmoja husimulia, wengine hushika nafasi za watu wa kubuni na kuamua watafanya nini, kisha dadu huamua kama wamefanikiwa.

Ndiye aliyembuni Kinyonga Jora, anayejiviringisha kwenye rafu pamoja na vitambaa. Ukimkata mita mbili unaondoka na kinyonga mzima, na aliyebaki dukani hapungui hata ukucha. Kila mnyama humletea shilingi elfu thelathini, na wengine humchukua mwezi mzima.

"Ningewategemea hawa, ningelala njaa," anasema. "Lakini nisipobuni naumwa, wallahi."

Anayemlipa ni Elibariki, muuza vifaa vya shule anayeendesha mchezo huu ghorofani, kwenye ghala la familia yake. Anaandaa kitabu cha viumbe kumi na wawili. Kumi na mmoja wako tayari. Aliyebaki ni Mwinyi Tope, na huyo ndiye anayemkosesha Ummy raha.

Mwinyi Tope anaishi bonde la Jangwani. Mwili wake ni maji ya kahawia, na amevaa vitu alivyovizoa: magodoro, masufuria, milango ya watu. Hana macho, anapapasa kuta. Lakini ana adabu. Haingii nyumba yoyote bila kubisha hodi, na akibisha mara tatu asiitikiwe, anageuka na kwenda zake.

Rahisi, sivyo? Unakaa kimya tu. Thubutu! Siku ya majaribio, Ummy alipoita hodi ya kwanza kwa upole, Goodluck, muuza viatu wa Msimbazi na mchezaji mbishi kuliko wote, aliitikia palepale: "Karibu!"

Wote mchezoni wakafa maji.

"Kabla sijafikiri, mdomo ulishasema," Goodluck anakumbuka, ameshika kichwa. "Si ndivyo tulivyolelewa? Yule mnyama anakuua kwa malezi yako mwenyewe! Nywele zilinisimama."

Elibariki alitaka kitabu kiende kuchapwa wiki hiyohiyo. Ummy akakataa. Mwinyi Tope ametokana na mafuriko yaliyobomoa nyumba ya mama yake, Bi Siti, hukohuko Jangwani, wakati Ummy mwenyewe bado mtoto wa mgongoni, baba yake akiwa ameshafariki. Tangu wahamie chumba cha kupanga Ilala, Bi Siti hajawahi kuyazungumzia maji yale. Mvua ikianza, anazima redio na kukaa kitandani.

"Radhi ni bora kuliko mali," Ummy anasema. "Mama akikataa, namfuta huyu mnyama. Siwezi kuuza machozi yake."

Elibariki anashusha pumzi. "Kitabu bila yule ni pilau bila viungo. Lakini mama ni mama, dada Ummy. Tutasubiri."

Ndiyo maana leo Ummy amefunga duka mapema na kumleta Bi Siti ghalani. Wachezaji wanasimama kumsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Huo mchezo wenu ni wa heri lakini?"

"Wa heri, mama," Elibariki anajibu, akimsogezea kiti.

Ummy anaanza kusimulia. Mvua, bonde, jitu linaloinuka. Bi Siti anaikunja khanga mapajani, anaikunjua, anaikunja tena.

"Hodi," anabisha Mwinyi Tope.

Goodluck anaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hodi." Imebaki moja tu, wapone.

"Subiri," anasema Bi Siti.

Vichwa vyote vinageuka. Kanuni za Mwinyi Tope, alizozitunga Ummy mwenyewe, hazina jibu la namna hiyo.

"Si umesema ana adabu?" mama anamuuliza. "Mgeni mwenye adabu akiambiwa asubiri, anasubiri. Yale maji hayakubisha, mwanangu. Huyu amebisha. Basi akae hapo mlangoni nitoe vitu vyangu."

"Anasubiri, mama," Ummy anasema.

Bi Siti anainuka. Anatoa cherehani. Anatoa msala wa kuswalia. Mikono yake inabeba hewa katikati ya maboksi ya madaftari. Kisha anaunyoosha mkono ukutani, pasipo na kitu.

"Na picha ya baba yako. Ya harusi. Ilikuwa hiyo moja tu."

Ummy hajawahi kuijua sura ya baba yake. Machozi yanamtoka waziwazi. "Alivaaje, mama?"

"Kanzu ya kuazima. Ilimfikia hapa," Bi Siti anagusa muundi wa mguu, na anacheka. "Mrefu yule! Lichapisheni hilo jitu lenu. Ila muandike: akiambiwa asubiri, asubiri."

Wiki ijayo Mwinyi Tope anakwenda kuchapishwa pamoja na kanuni yake mpya. Ummy ameshaulizwa kuhusu kitabu cha pili, lakini anasema hana haraka. Anachotaka ni mama arudi Jumamosi ijayo, na nyingine, na nyingine.

"Hajamaliza kutoa vitu," anasema. "Bado hajaniambia baba alikuwa anachekaje."