Vitabu Visivyotoka

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa riziki ya halali katikati ya vitabu, akaniachia macho yangu hadi uzeeni, akanipa na subira ambayo kwa nguvu zangu nisingeipata. Nikisema maneno machungu hapa, si kwa kuzikana neema zake.

Nilikuwa mkutubi wa chumba cha sanaa na usanifu majengo katika tawi dogo la chuo kikuu hapa Tukuyu. Kilikuwa chumba kimoja, chenye baridi, lakini rafu moja ilikuwa na vitabu vikubwa vya ramani na michoro ya majengo ya zamani ya nyanda hizi: nyumba za mianzi za Wanyakyusa, makanisa ya mwanzo, msikiti mdogo wa wafanyabiashara. Kurasa nyingine, ukizikunjua, zilifunika meza nzima.

Zamani tulikuwa tunaviazimisha. Vikarudi vimelowa mvua, kurasa zimegandana, vingine vimeota ukungu. Tukakubaliana kwamba vitabu vya rafu ile visomewe ndani tu. Tuliviwekea sharti hilo kwa sababu vilipendwa mno.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mkuu wa maktaba aliniita. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, msomi, na hakuwahi kunivunjia heshima. Alisema uongozi unakitaka chumba kwa ajili ya ofisi, na rafu zisizo na wasomaji zitapelekwa ghala la makao makuu. Akaniomba nichambue mwenendo wa uazimaji, rafu kwa rafu.

“Rafu ikionyesha uhai, Mzee wangu, nitaipigania.”

Nikakaa na kompyuta. Mfumo wetu ulikihesabu kitabu kinapopita kaunta tu. Kwenye grafu, mstari wa rafu ya ramani ulipanda na kushuka kama wa rafu nyingine, kisha, tangu tulipoweka sharti, ukalala chini kabisa. Asiyejua angedhani wasomaji wote walikufa siku moja.

Usomaji wa ndani una njia yake rahisi ya kuuhesabu. Msomaji akimaliza, asikirudishe kitabu, akiache mezani. Jioni mkutubi anaviingiza kwenye mfumo vyote vilivyoachwa. Nikabandika tangazo kwa herufi kubwa. Jioni ile nikakuta meza tupu, safi kabisa. Kesho yake vivyo hivyo, na mchana watu walikuwa wamekosa viti.

Ndipo nikamvizia binti mmoja mwenyeji wa Matwebe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa akiandaa mradi wake juu ya nyumba za mianzi. Nikamkuta amekikumbatia kitabu kama mtoto mchanga, anakirudisha mahali pake.

“Tangazo hujaliona?”

“Nimeliona, babu.”

“Linasema nini?”

“Tuviache mezani.” Akatabasamu. “Sasa babu, mimi niache meza imetapakaa, halafu mtu wa umri wako anikusanyie? Nyumbani wakisikia nitalala nje.”

“Lakini mimi ndiye ninayekuomba.”

“Sawa, babu,” akasema, akakisukuma kitabu rafuni, akakinyoosha kilingane na vingine.

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, “Mzee, anza kututoza faini ya usafi.” Na mimi nikacheka.

Nikaanza kuandika nilichokiona kwa macho yangu, nikampelekea mkuu.

“Nakuamini,” alisema. “Lakini kikao kinataka takwimu za mfumo. Nikisimama nikasema vitabu vinasomwa ila watoto wana adabu mno, watanicheka.”

“Si ndiyo kweli?”

“Ni kweli, Mzee wangu. Haina safu kwenye jedwali.”

Hata hivyo niliyaandika yote katika taarifa: mvua, sharti, tangazo, adabu. Kwenye kikao walionyesha ukutani ukurasa mmoja tu, ule wenye mstari. Mjumbe mmoja akaniuliza, “Vitabu vya rafu hii vinatoka?” Aliuliza kama wenye maduka wanavyouliza habari ya bidhaa.

“Havitoki,” nikasema, “kwa sababu sisi wenyewe tumevizuia—”

Neno la kwanza lilimtosha. Aliinama akaandika. Nikamtazama mkuu wa maktaba. Naye alikuwa akitazama karatasi zake.

Vitabu vilipakiwa kwenye maboksi wiki hiyohiyo. Yule binti alikuja akaikuta rafu tupu.

“Babu, vimehamia wapi?”

“Ghala la makao makuu. Wasomaji hawaruhusiwi kuingia. Wamesema havisomwi.”

Alicheka, akidhani namtania. Aliponiona sicheki, akavuta kiti akakaa. “Na mimi nilikuwa nafanya nini hapa kila siku?”

Sikumkumbusha habari ya tangazo. Angeondoka akijilaumu kwa malezi mema aliyopewa na mama yake, na hilo nisingeweza kulibeba. Alibadilisha mradi, akachora maduka ya matofali ya saruji aliyoyatoa kwenye mtandao, akafaulu. Alikuja hadi Makandana ninakoishi kuniaga. “Ndaga fijo, babu,” alinishukuru, na mchoro wake hakunionyesha.

Siku ya kustaafu kwangu waliisifu taarifa yangu mbele ya watu kuwa mfano wa maamuzi yanayofuata takwimu, wakanivika shada. Nilisema alhamdulillahi, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kusema katika raha na katika dhiki. Uchungu ule huuweka kwenye sijda kila alfajiri, na mara nyingi huinuka nao.

Wewe unayesoma haya, Mola akulinde, akuzidishie adabu wala isikugharimu, na kila jema ulilolifanya bila kuandikwa na mtu, alipokee yeye asiyehitaji hesabu za watu. Amina.