Maji ya Jaruba la Mama Kabula

Ziko siku za ujana wangu nimezisahau, mwanangu, na ziko nyingine natamani nizisahau. Lakini siku moja naikumbuka mpaka harufu yake ya tope. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, pamoja na aibu yangu yote, maana mzee anayesimulia ushindi wake tu anajipigia debe, hamfundishi mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumbani kwetu, upande wa Kahama, palizi ya pamba ilikuwa imekwisha na masika yanakatika. Rafiki yangu Luhende alisimama katikati ya ngoma, mbele ya wasichana wote, akatangaza kwamba yeye na mimi tutakwenda ziwani, upande wa Geita, na tutarudi na sato wa kutosha kila mji. Mimi sikuwa nimeulizwa. Lakini nilipoona wasichana wanatutazama, nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Mdomo huponza kichwa, na safari hii mdomo mmoja uliponza vichwa viwili.

Tuliondoka na baiskeli ya baba yake. Mmoja anakanyaga, mwingine amekaa mbele kwenye bomba, na matenga mawili ya samaki yamefungwa nyuma kwenye keria. Nilikuwa nimevaa shati jipya la nailoni, jeupe, la kuvulia samaki! Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wakati mwingine afadhali. Tuliimba njia nzima, tukapiga kengele kila penye nyumba, tukatawanya kuku wa watu, tukasimama kila palipo na pombe ya mtama. Siku hizi ukitaja Segese au Bulyanhulu watu wanafikiria dhahabu. Sisi tulipita kukiwa na miti, mizinga ya nyuki na njia za ng'ombe, wala hatukujua tunakanyaga nini.

Ziwani tulikaa siku mbili. Mzee mmoja mvuvi alitupa mtumbwi kwa wema wake tu, akatuambia, "Samaki wanasikia. Kaeni chini, nyamazeni." Luhende akasimama kunionyesha alivyocheza ile siku ya ngoma. Mtumbwi ukapinduka, ndoano zote zikaenda chini, nasi tukatoka tumeshikilia makasia. Mzee yule alichukua mtumbwi wake, akatuonyesha kwa kidole njia tuliyojia.

Basi tukarudi na matenga matupu. Hapakuwa na wimbo tena. Tulipokaribia Segese, tukapita kando ya jaruba la mpunga, na ndani ya maji nikaona mgongo mweusi unajipinda. Kambare. Halafu mwingine. Nami ndiye niliyesema, mwanangu, si Luhende: "Tutoboe tuta, maji yakitoka tunaokota tu." Jembe lilikuwa limeachwa palepale ukingoni. Nilipiga mara nne, tuta likakatika, maji yakaanza kumwagika kwenda mtaroni. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta ulikuwepo, tukaubomoa wenyewe.

Tenga la kwanza lilikuwa limejaa nilipoinua macho nikamwona mwenye shamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Baadaye nilijua anaitwa Mama Kabula, mjane wa mwaka ule, mwenye watoto watatu, na jaruba lile ndilo pekee alilokuwa nalo. Nikasema, "Shikamoo, mama," kambare akiwa bado ananipapatika mkononi. Hakuitikia.

Kwetu Usukumani mtu mzima kutoitikia salamu si jambo dogo. Nilipiga magoti kwenye tope nikaanza kuomba radhi, njaa yetu, ujinga wetu, ujana wetu, maneno mengi. Akanisikiliza kidogo, kisha akasema taratibu:

"Unapiga magoti na maji bado yanatoka."

Nikageuka. Kweli, maji yalikuwa yanatoka. Nilikuwa nimeomba radhi muda wote ule pembeni ya tundu nililolichimba, wala halikunijia wazo la kuliziba. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikarukia lile tundu na udongo, na matete, udongo unabebwa na maji, nikaweka tena, unabebwa tena. Mwisho nikavua lile shati la nailoni, nikalijaza tope, nikalisokomeza. Likashika. Lakini ndani ya jaruba maji yalikuwa yamebaki vidimbwi tu, na mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Wewe umelima, unajua. Mpunga ukikosa maji wakati ule unazaa mapepe, maganda matupu.

Luhende akasema, "Mama, chukua samaki wote, yaishe."

"Samaki nimewapa," alijibu. "Rudisheni maji yangu." Akaenda zake nyumbani.

Luhende alinivuta pembeni. "Twende bwana. Huyu mama hatumjui, wala yeye hatujui sisi." Alifunga tenga kwenye keria. Nakiri miguu yangu ilitaka kumfuata. Lakini nilitazama yale masuke, mabichi bado, nikasema, "Nenda. Wasalimie nyumbani." Akaenda kweli, na baiskeli, na samaki.

Kijito kilikuwa hatua kama mia mbili. Mama Kabula alinipa debe moja. Kutwa nzima nilichota, nikabeba kichwani, nikamwaga, nikarudi. Ule udongo mweusi wa mbugani ulikunywa kila tone kama haujapewa. Jioni nilikuta ugali na mlenda umewekwa juu ya jiwe mlangoni, nikalala ghalani. Asubuhi nikasema, "Shikamoo, mama." Akaniuliza, "Jana debe ngapi?" Nikasema hamsini na tatu. Akaingia ndani.

Siku ya tatu shingo ilikuwa haigeuki tena, na pembe moja ya jaruba ilikuwa imeanza kupasuka. Nilikaa ukingoni nikajua kwamba peke yangu nitashindwa. Nikaamua nitashindwa nikiwa nimebeba debe. Ndipo nikasikia kengele njiani. Luhende, na madebe mawili, na mzega wa kuyabebea begani. Hakunitazama machoni.

"Mama yangu ameuliza tangu lini sato wana masharubu," alisema. "Amekataa kuwapika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu tukabeba maji. Tulibeba siku kumi na saba, mwanangu. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi ndiye shahidi wake, kwa shingo hii. Pembe ile ya chini ilitushinda, ikazaa mapepe. Kwingine kote punje zilijaa. Tulipoaga, Mama Kabula alitikisa kichwa tu, na salamu yangu haikuitikiwa bado.

Wakati wa mavuno tulirudi bila kuitwa, kila mmoja na kisu chake, na gunia la mtama tulilochanga nyumbani kufidia ile pembe. Tulimkuta amesimama kwenye tuta. Ukosi wa shati langu ulikuwa umechomoza kwenye udongo, na majani yameota juu yake. Nilitua gunia miguuni pake, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Alitazama gunia, akatazama tuta, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Wabeja, asanteni. Haya, anzieni upande ule."

Nililia, sioni haya kukwambia. Nilikata mpunga huku machozi yananichuruzika, na Luhende akajifanya haoni. Shukrani nyingi nimepewa katika maisha yangu, lakini hakuna iliyonikaa moyoni kama ile marahaba iliyochelewa.

Sasa sikiliza. Kukosea utakosea, hilo sikuombei uliepuke, maana hata mimi ninayesema nimekosea mara nyingi baada ya pale. Ninachokutaka ni hiki: siku ukitoboa tuta la mtu, usianze na magoti. Ziba kwanza. Ukikosa udongo, vua shati. Kisha beba maji, hata kama hakuna anayekusifu, hata kama rafiki ameondoka, hata kama hesabu inakwambia hutoshi. Na akirudi rafiki aliyeondoka, mpe nafasi kwenye njia, usimuulize maswali. Radhi itakuja yenyewe ikiwa tayari, na ukiona inachelewa, wewe endelea kubeba. Nawaona vijana wa siku hizi wanachimba dhahabu kwenye mashamba ya watu, wakishapata au wakikosa, wanaondoka na mashimo yanabaki wazi. Wengi wao ni wapole sana wakiomba samahani.

Mungu akupe shingo ngumu ya kubebea na moyo laini wa kuonea haya. Akupe rafiki anayejua kurudi. Na kila utakayemwamkia duniani, mwanangu, akuitikie.