Ramadhani Mbili Bila Siku ya Kulipa

Mimi Mwanaheri nina mdomo, sikatai. Wifi yangu Zuwena nimemtania tangu nilipoolewa hapa Kitomanga. Binti alikuwa na miguu! Alipanda kilima cha Kilangala na baiskeli, ndoo ya nyanya nyuma, huku anaimba. Aliposhinda mbio za baiskeli za wanawake za wilaya, kocha akamwambia akipungua kilo tatu tu atachaguliwa timu ya mkoa.

Kuanzia hapo akafunga Jumatatu na Alhamisi. Mama mkwe akafurahi, akatutolea mfano sisi wavivu wa sunna. Jioni tunakula sinia moja, mikono inaingia na kutoka, nani ahesabu tonge za mwenzake? Msimu uliofuata wakampita hata wasichana aliokuwa akiwaacha mbali. Yeye akazidisha kufunga.

Basi, baada ya Idi mwaka jana, tulikaa uani wanawake watupu tukikumbushana siku za kulipa, zile tulizokula kwa ajili ya hedhi. Mimi sita, jirani saba. Zuwena akasema hana hata moja, na mwaka wa kabla yake pia hakuwa nayo. Mama mkwe akasema mashallah. Mimi nikamgeukia. Mwanamke wa miaka ishirini na mbili, Ramadhani mbili nzima?

Nikamvuta chumbani, nikamwuliza mimba ya nani. Akavua dera. Yallah! Mbavu zote nje, na mgongoni vinyweleo kama vya kifaranga. Nikamwita mama mkwe aje aone kwa macho yake.

Hospitalini Lindi akakiri nyonga inamwuma akiendesha, na picha ikaonyesha ufa. Daktari alituambia ni njaa. Mwili umekosa chakula ukafunga hedhi, na mifupa ikawa ya bibi kizee. Akiendelea hivi hatapanda baiskeli tena, na kuzaa huenda asizae. Zuwena akauliza kama nyonga itakuwa imepona kufikia mbio za wiki mbili zijazo. Nilitamani kumzaba kibao, kumbe nalia.

Nje, mama mkwe alishika ukuta.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwombea dua azidishe," alisema.

Tangu siku ile akampakulia sahani yake peke yake, akakaa mbele yake mpaka iishe. Baiskeli tuliifungia stoo. Kuna siku Zuwena alitutukana, kuna siku alificha ugali kwenye kanga. Tulirudi kliniki kila mwezi.

Ramadhani hii, siku ya kumi na moja, saa saba mchana, nimekwenda kuchukua kuni nyuma ya jiko nikamkuta amejibanza, mdomo umejaa muhogo. Nikafumbua mdomo nimkaripie.

"Wifi, nimeingia mwezini," akasema.

Nilimwita mama mkwe kwa sauti, mpaka majirani wakatoka kutazama kuna msiba gani. Alikuja mbio, akamwona, akaelewa. Akaenda jikoni, yeye na swaumu yake, akamwongezea muhogo.