Ng'ombe wa Nne na wa Kumi na Moja

Mahari yangu ilikaguliwa kwa laptop. Sikupenda, lakini goti la baba lilikuwa limevimba, na toka kwetu Bariadi mpaka Mwamapalala kwa wakwe zangu watarajiwa asingeweza kukaa kwenye gari. Wadogo zake walijitolea kwenda. Baba akakataa katakata. Alisema wale wakimtazama ng'ombe wanaona nyama na mkia tu.

Basi tukakubaliana mchumba wangu ashike simu mlangoni mwa zizi lao, mjomba wake apitishe ng'ombe kumi na wawili mmoja mmoja, na sisi tuwatazame kwenye laptop yangu ya kazini. Mtandao ulikuwa unakatakata, ng'ombe anaganda, anaruka, kichwa kinafika kabla ya miguu. Baba akaja juu.

"Huyu ng'ombe gani anapita kama mwizi? Mkamate!"

Ndipo nikamweleza habari za skrinshoti: nikibonyeza vitufe viwili pamoja, kila kilichopo kwenye kioo kinabaki kama picha. Akafurahi sana. Nikabonyeza, kioo kikafifia kidogo kama kawaida yake.

"Umemzima!"

"Sijamzima, baba. Nimempiga picha."

"Haya. Lakini hiyo ni makalio. Mimi siozeshi binti kwa makalio. Mwambieni arudi!"

Ng'ombe akarudishwa. Tangu hapo tukaelewana, yeye anapiga kelele "Mkamate!", mimi nabonyeza. Wa nne alikuwa wa kahawia, baka jeupe tumboni, sikio la kushoto limechanika. Baba akamsifia kiuno. Tukaendelea hivyo, mchumba wangu akihesabu kwa sauti huku jasho likimtoka, maana yeye ni fundi umeme na ng'ombe kwake wote ni wamoja.

Akaja wa kumi na moja. Kahawia, tumbo limejaa tope, kamba mpya shingoni. Na sikio la kushoto limechanika.

Mungu wangu! Mjomba mtu alikuwa amemzungusha ng'ombe nyuma ya nyumba!

"Mkamate!" baba akasema. Nikabonyeza. Niliogopa jamani, si utani. Nilikuwa nimeshafika umri ambao mashangazi wanaacha kukuuliza utaolewa lini, wanaanza kukuombea. Na baba namjua. Angesamehe ng'ombe mgonjwa, angesamehe hata ng'ombe pungufu kama angeambiwa mapema. Kudanganywa kuhusu ng'ombe, hapana. Posa ingekufa palepale. Nikamtazama kwa pembeni. Alikuwa anasubiri wa kumi na mbili, ametulia tuli. Nikashukuru kwamba macho yake ni ya kizee.

Nilidhani yameisha. Kumbe baba alitaka picha zichapishwe.

"Za humo ndani, ukishafunga hicho kifuniko, ng'ombe wanakwenda wapi?"

Nikaenda steshenari, nikazitoa kwa rangi, zote kumi na mbili. Nilijaribu kuiacha ile ya kumi na moja, lakini baba anajua kuhesabu. Kabla sijarudi nyumbani nikampigia mchumba wangu nikamfokea mpaka watu wa steshenari wakageuka. Aliapa kwamba hajui kitu. Nilimwamini, maana ni kweli hajui kitu kuhusu ng'ombe. Nikamwambia, "Mwambie mjomba wako atafute wa kumi na mbili wa kweli, na atafute kimya kimya. La sivyo utaoa huyo huyo mwenye sikio bovu!"

Baba akazipokea karatasi, akazitazama moja moja, akaziweka chini ya mto.

Siku ya kuleta ng'ombe, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi letu, karatasi mapajani. Ng'ombe akipita, anageuza karatasi. Wa nne akapita na sikio lake, baba akatikisa kichwa kukubali. Alipofika wa kumi na moja, akapita mtamba mweusi, mnene, kumbe katolewa kwa ndugu zao wa Shishiyu. Baba akatazama karatasi, akatazama mtamba.

"Huyu hayumo."

Mjomba mtu akakohoa. "Mzee wangu, yule wa kwenye picha aliumwa ghafla, tukaona tubadilishe."

"Aliumwa? Mbona kapita hapa sasa hivi, wa nne, mzima kabisa?"

Weee! Watu walicheka, mpaka mshenga akaketi chini. Mjomba mtu alicheka pia, angefanyaje? Baba akasema mtamba aingie, ni mzuri, na mambo yakaisha kwa pilau.

Jioni, wageni walipoondoka, akaniita. Alikuwa na karatasi ile ya kumi na moja.

"Mimi nilimwona siku ile ile," alisema. "Nikanyamaza. Nilitaka walete kumi na mmoja, niwarudishe nao mbele za watu. Sikumwambia mtu yeyote. Sasa nani aliwaambia?"

Nikatazama chini. Akasogeza karatasi karibu, akaweka kidole kwenye kona. Nilikuwa nimesahau kwamba skrinshoti inachukua kila kitu. Pale juu ya mgongo wa ng'ombe, kwenye kile kijipicha cha kujiona mwenyewe unapopiga simu ya video, tulikuwemo mimi na baba. Baba na kofia yake, shingo ameinyoosha. Mimi nimejiziba mdomo kwa mkono mmoja, macho yamenitoka.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Kumbe uliolewa siku ile."

Akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfuko wa shati.

"Na mimi hapo nilidhani tuko wawili," akasema.